Daraja Alilolipinga Verlin

Mheshimiwa Meya Dwight Pruitt, waheshimiwa madiwani, Mchungaji, mafundi mliolijenga daraja hili, na ninyi majirani zangu wa Elk Fork, hamjambo.

Mmeniita nifunue kibao cha kuliita daraja hili kwa jina la marehemu mume wangu, Verlin Hostetler. Nashukuru, lakini tangu mnipe habari hii nimechanganyikiwa. Nani hapa hajui kwamba Verlin ndiye diwani pekee aliyelipinga daraja hili?

Mnaukumbuka mwaka ule, kiwanda cha nyumba za magurudumu kilipofungwa na nusu ya mji ikakosa kazi. Meya alitaka fedha za serikali kuu zije kutoka Washington, watu wajenge daraja, wapate mishahara. Verlin alitaka kodi ipunguzwe, kila mtu abaki na chake, ajue mwenyewe pa kukitumia. Meya wetu ni kinyozi, nao walibishana kwenye saluni yake, Verlin akiwa kwenye kiti ananyolewa.

"Dwight, daraja lako watalilipa wajukuu."

"Bila kazi, wazazi watahama na hao wajukuu watazaliwa Texas. Tulia nisikukate sikio."

"Kata tu. Nalo utalitoza kodi."

Kila asubuhi akipita mbele ya saluni kwa pikapu yake alipiga honi moja ndefu, kumchokoza tu.

Nani kati yao alikuwa sahihi? Mkwe wetu alipata kazi hapa darajani, akabaki na watoto wake karibu nasi. Lakini kodi haikupungua, na duka letu la misumari na rangi tukalifunga. Mkono mmoja ulitupatia, mwingine ukachukua.

Ujenzi ulipoanza, Verlin akawa anaegesha pikapu yake ukingoni mwa mto, anatazama. Nikamuuliza, "Si ulilipinga wewe?"

"Nalinda kodi yangu isiliwe."

Lakini chupa ya kahawa ilirudi tupu kila siku, na daktari alikuwa amemkataza kahawa. Mafundi, ninyi ndio mliokuwa mkiinywa. Alikuwa akilinda, au moyo wake ulikuwa umegeuka? Nilingoja siku nzuri ya kumuuliza. Haikuja.

Kwa hiyo, Mheshimiwa Meya, kitambaa kibaki kwanza. Nitavuka peke yangu kwa pikapu yake. Nikifika ng'ambo nikapiga honi yake ndefu, jueni nimeamini moyo wake uligeuka; kibao kifunue wewe. Nisipopiga, daraja liiteni kwa jina la mto, na tusilaumiane.

Asanteni kwa kunivumilia. Sasa naomba njia.