Kamera ya Mbele

Anderson alikuwa fundi simu pale Masasi. Gari lilipoanza kupanda mlima wa kuelekea Newala, alimpa shikamoo mama aliyekaa pembeni yake, kisha akaomba aitazame simu mpya ya mama huyo. Hakuna aliyemwomba ushauri, lakini mafundi huwa hawasubiri kuombwa.

"Memori yake ndogo, mama. Betri nayo haimalizi siku. Kamera ya mbele ndiyo kabisa, sura inatoka na ukungu. Ungeibadilisha tu."

"Siibadilishi, mwanangu," alisema Mama Oliva kwa upole. "Hiyo kamera ya mbele ndiyo niliyoifuata dukani."

Akamweleza. Binti yake Oliva hasikii tangu utotoni, na tangu aolewe Dodoma hawakuwahi kuzungumza kwa simu. Wenzake walipopigiwa na watoto wao, yeye alisubiri mpaka Oliva aje likizo.

"Sasa anaiona mikono yangu, nami naiona yake. Jumapili tumecheka mpaka chaji ikaisha. Namshukuru Mungu kwa hiki kisimu."

"Iliisha kwa sababu betri ni dhaifu," alisema Anderson, ila kwa sauti ya chini.

Walipoingia stendi ya Newala, simu ikaita mikononi mwa mama. Mama Oliva akabonyeza, uso wa binti ukatokea. Mama alihitaji mikono yake yote miwili ili aongee kwa ishara, hivyo Anderson akamshikia simu. Abiria wengine wakashuka. Yeye akabaki ameinyoosha mbele ya mama, akiisogeza taratibu kuufuata mwanga wa dirisha.