Chafya Moja, Nguo Tano

Saa nane mchana kijiweni kulikuwa na kivuli cha ukuta na hakuna upepo hata wa dawa. Wazee wa benchi walikuwa wametundika mashati kwenye msumari na kukaa vifua wazi, wakinywa kahawa ya moto kwa sababu eti huondoa joto. Brashi, fundi wa kupaka rangi, alitoka mlango wa nyumba yake, nyuma ya benchi, akiwa amembeba binti yake wa siku nane aliyevaa kifulana chepesi na nepi. Mkewe hakuwa amepata usingizi wa maana tangu ajifungue, na mpaka siku hiyo hakuwa amethubutu kumwachia mtoto, maana Brashi, tuseme ukweli, ni mtu wa kusahau ngazi nyumbani kwa wateja. Leo alikuwa ameuacha mlango nusu wazi ili asikie, akamwambia, “Nilale kidogo tu. Usinifanye nijute.” Brashi hakutaka kitu kingine duniani ila mkewe asijute.

Mtoto akapiga chafya.

— Mafua hayo! akasema Pindo, fundi cherehani, kahawa ikimmwagikia mapajani. Shika miguu uone.

Brashi akashika.

— Ya baridi.

— Si nimekwambia? Kavaa kama anakwenda kuoga! Ngoja.

Akakimbilia kibandani kwake, akarudi na sweta, kofia na soksi, oda ya mteja ambaye bado hajaja kuzichukua. Akamvalisha mtoto huku akivuta pindo hapa na pale, akajirudisha nyuma kuitazama kazi yake.

— Mgeni rasmi kabisa! Hapo baridi itapita wapi?

Mtoto akaanza kulia. Uso ukawa mwekundu, kilio kikapanda. Brashi akatupia macho dirishani, roho juu juu. Mama mtu akiamka sasa, kwisha habari yake.

— Bwana Pindo, analia.

— Analia kwa sababu hamjui sayansi, akadakia Friji, fundi wa mafriji, ambaye tangu apate wateja watatu kwa mpigo hashikiki. Wewe Brashi, friji linapozaje?

— Umeme.

— Umeme wapi! Ukuta wake mnene. Joto la nje linabisha hodi, linakosa pa kuingilia, linarudi kwao. Mzungushie blanketi zito, atakuwa baridi ndani kama maji ya chupa.

— Subiri kwanza, akasema Pindo. Mimi namtia joto, wewe unampoza. Tunamfanya nini huyu mtoto?

— Kote kote! Blanketi halichagui.

Blanketi likaletwa. Mtoto akabaki pua na mdomo, na mdomo wenyewe ulikuwa wazi ukipiga kelele. Friji akaanza kueleza kwamba akikua na ukuta mnene namna hii hataugua mpaka aolewe, Pindo akasema sare ya shule ataishona yeye, tena yenye bitana. Brashi hakuwasikia. Alikuwa akimtikisatikisa binti yake, jasho likimtiririka mgongoni, na moyoni akijiambia kwa hofu: siku ya kwanza tu, nimeshindwa.

Ndipo akatokea mama mmoja mgeni, amebeba pasi iliyoharibika, akimuulizia fundi. Akatazama blanketi. Akatazama vifua.

— Samahani, kaka zangu. Kama kuna baridi hivyo, mbona nyinyi mmevua mashati?

Pindo akamtazama Friji. Friji akatazama ndani ya kikombe. Kilikuwa kitupu.

— Miguu yake ilikuwa ya baridi, mama, akasema Brashi kwa sauti ndogo. Na alipiga chafya.

— Vichanga hupiga chafya, baba, na miguu yao ndivyo ilivyo. Ingiza vidole nyuma ya shingo.

Brashi akaingiza. Vidole vikatoka vimelowa.

— Jamani, mwanangu! Nimempika!

Hakungoja ushauri mwingine. Akavua blanketi, kofia, sweta, soksi, kimoja kimoja, na mikono ambayo haikumbuki ngazi haikukosea hata kifungo. Kifulana kilikuwa kimelowa, akakivua nacho, akamfuta shingo taratibu kwa kitambaa laini. Kilio kikashuka, kikawa kwikwi, kikawa pumzi ndogo kifuani pake. Akaigusa shingo tena. Vuguvugu, kavu.

Mlango ukafunguka wote. Mkewe akasimama, nywele timtim, macho hayajafunguka sawasawa.

— Nani kamvua mtoto nguo?

Kijiwe kizima kikageuka kutazama upande wa pili wa barabara.

— Mimi, akasema Brashi. Alikuwa anasikia joto.

Mkewe akamtazama mtoto aliyelala na nepi tu, akamtazama na mumewe. Kisha akapiga mwayo.

— Basi narudi kulala, akasema, na safari hii akafunga mlango.