Matanga ya Mwanasesere wa Bi Hind

Baada ya miaka ishirini na saba kwenye dirisha la dawa la hospitali yetu hapa Muscat, mfamasia Bi Hind bint Sleyum anastaafu tarehe 30 Juni 2008. Wagonjwa aliozoea kuwakaripia watapumua. Sisi wenzake ndio hatujui tutapata wapi visheti kila Jumatano.

Alisoma mwandiko wa kila daktari. Uliomshinda aliurudisha kwa mwenyewe, akitaka kujua kama uliandikwa gari likiwa linakwenda.

Lakini kubwa alilotuachia ni ruhusa ya naloksoni, sindano inayomrudishia pumzi mtu aliyezidisha heroini. Kabati la dawa lilikuwa chini yake, ila kanuni yetu ilimkataza kuitoa bila saini ya daktari. Mwaka 1998 kijana mmoja alifikishwa dirishani angali anapumua. Saini ilipofika, mwenyewe keshakufa. Tangu hapo Bi Hind aliiandikia kamati ya dawa barua kila mwezi, akiomba mfamasia aruhusiwe kuitoa. Kila mwezi alijibiwa kuwa ombi lake linashughulikiwa.

Mwaka 2001 akachoka kushughulikiwa. Akamlaza mlangoni pa chumba cha dawa mwanasesere wa mafunzo ya wakunga, akatazama saa, akamtuma mwenzake Loai atafute saini kama kanuni inavyotaka. Dakika arobaini na moja Loai anazunguka. Madaktari wote wenye ruhusa ya kusaini walikuwa ghorofani kwenye kikao cha kamati hiyo, na mlangoni pao wamebandika karatasi: Usiingie.

Bi Hind aliingia. Mwanasesere kamvisha shuka ya wodini, kamlaza juu ya meza yao. Mkononi ana dele la kahawa chungu na sahani ya tende, kama matangani. Akawapa pole mmoja mmoja: poleni wanangu, marehemu kakusubirini mpaka kachoka. Mwenyekiti, Daktari Bakhit, alihoji mambo gani haya. Akaambiwa anywe kahawa kwanza, mfiwa hana haraka. Walioshuhudia wanaapa kuwa alikunywa.

Alipewa barua ya onyo. Wiki iliyofuata ikaja barua nyingine, ya ruhusa: mfamasia wa zamu aitoe naloksoni na kuichoma papo hapo, saini ije baadaye.

Watu tisa wameletwa dirishani tangu siku hiyo, na wote tisa wameondoka kwa miguu yao. Si wote walioshukuru. Dawa ile humzindua mtu ghafla, na mmoja alifumbua macho akamtukania Bi Hind mama yake. Bi Hind alimwacha amalize, akasema mwenye pumzi ya kutukana hivyo keshapona.

Asante, Bi Hind. Wapo watu Muscat leo wanaogombana na wake zao kwa sababu wewe ulikataa kusubiri. Nawe kaishi kwa afya na raha, bila kuomba saini ya mtu.