Majani Yasiyooza

“Nani kati yenu aliyeua msitu wangu?

“Msitazamane. Sikilizeni, wanangu, maana pumzi niliyobaki nayo si ya kupigia porojo. Nyumba ni ya mwalimu, mwanangu wa kati, aliyenivumilia mimi na mdomo wangu. Fundi, karakana ni yako. Nilikununia kwa kuacha chuo, sasa nimekusamehe, ingawa sijakubali. Umebaki msitu, na ndio ulionifanya niwaite.

“Mwaka hadi mwaka nimefukia majani mle, ndani ya vifuko vya wavu, nione yanavyoliwa. Zamani nilikuwa nikifukua nakuta vishipa tu. Nyungunyungu, jongoo na kuvu wameshamaliza karamu yao. Siku hizi nafukua jani la misimu iliyopita, zima, kama limeanguka asubuhi. Wageni wanalisifu zulia. Zulia gani? Ni maiti zilizokosa wa kuzizika.”

“Lakini miti imesimama, mama,” akasema wakili, kitindamimba wake.

“Hata mimi juzi nilikuwa nimesimama. Mti hula kilichooza, baba. Kisipooza kitu, utakula nini? Mlisema ni moshi wa kiwanda cha kuyeyusha betri. Moshi haufuati njia. Nimepima udongo: sumu ya madini ya risasi imejaa kandokando ya njia yetu ya msituni, na chini ya kokoto nimekuta mavi ya chuma, makapi ya tanuri la kiwanda kile. Yaliingia nilipokuwa nimelazwa hospitali, na ufunguo wa geti mnao ninyi watatu. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Na kifo ndicho hiki, kimeshavua viatu mlangoni.

“Basi shikeni haya. Uyoga wa mle msile. Yale mavi yachimbueni, yaondoke. Mimi msinizike mle; nataka kuoza kama mtu mwenye adabu. Na msitu… namwachia aliyefungua geti. Ndiye anayejua mzigo ulifika wapi. Mungu awape mikono… isiyochoka. Awape… maji, nipeni maji.”

Mwalimu akamnywesha kwa kijiko. Wakili akakodolea dari macho. Fundi, kifunguamimba, alipiga magoti mpaka kitanda kikalia.

“Ni mimi, mama. Ulikuwa umeteleza kwenye tope la ile njia, ukavunjika mguu. Yale mavi ya chuma, kiwandani walikuwa wanayatoa bure, nikayamwaga njiani. Nilitaka ukirudi ukute pa kukanyaga.”