Wa Kwanza kwa Lipi

Benchi letu ni ubao mrefu ulioegemezwa ukutani, kati ya kibanda changu cha kushona viatu na chumba cha kinyozi. Asubuhi hukaa hapo watu walewale: kinyozi mwenyewe, tunayemwita Redio kwa sababu hazimiki; Antena, fundi simu, mrefu mwembamba anayeinama kila anapoongea; na Msasa, fundi makochi, ambaye kiganja chake kinakwaruza hata akikupa mkono. Mama Kahawa huweka jiko lake mbele yetu na kutusikiliza kama mtu anayesubiri mvua ikatike. Siku zile hapakuwa na habari nyingine. Ukiandika neno “makochi” kwenye simu, duka linalotokea juu ya yote lilikuwa la ng’ambo ya barabara, la shemeji yake Msasa, mdogo wa mkewe. Kazi alifundishwa na Msasa mwenyewe.

— Hebu tafuta tena, Antena.

— Nimetafuta sasa hivi, bwana.

— Tafuta. Pengine kashuka.

Antena akatafuta. Hakuwa ameshuka.

— Na mimi?

— Wewe uko chini kidogo.

— Kidogo kiasi gani?

— Chini ya yule muuza viti vya plastiki.

Msasa akaweka kikombe chini kwa nguvu.

— Plastiki! Mimi! Yule kijana alikuja kwangu hajui kushika nyundo, msumari akiupiga unalala. Leo yeye juu, mimi chini ya plastiki?

— Kuna mtu wake humo ndani, akasema Redio.

— Ndani ya wapi?

— Mtandaoni. Yuko kwenye mtambo. Likija neno “kochi”, anasukuma jina la shemeji mbele. Mteja wangu mmoja kaniambia, tena mvaa tai.

— Si yule aliyekwambia mtu akinyolewa mwezi ukiwa mpevu haoti mvi? akauliza Mama Kahawa.

— Basi kama si mtu, ni simu yenyewe. Simu zinasikia, mama. Msasa kutwa nzima “shemeji, shemeji”. Simu inaona huyu bwana anampenda sana shemeji yake, ngoja nimwonyeshe.

Msasa akaitazama simu yake, akaizima.

— Au paa, akaendelea Redio. Paa la shemeji ni la bluu. Setilaiti ikipita juu inaona nini? Bluu. Lako limejaa kutu, inapita tu.

Tulicheka. Kesho yake tukamkuta Msasa juu ya paa na ndoo ya rangi.

Alipoteremka, mikono bluu hadi kwenye viwiko, Antena akamsogezea nafasi.

— Kaka, nikwambie ukweli? Shemeji hana mtu wala setilaiti. Anaandika. Namna ya kupima mlango kabla hujanunua kochi. Namna ya kujua mbao imeliwa na wadudu. Mtu anasoma, anamtumia dada yake, dada anamtumia jirani. Hata akishuka kesho, watu wataingia kwake tu.

Msasa alijikwangua rangi kiwikoni. Halafu akasema polepole:

— Jana nimemkuta mke wangu anasoma humo. Namna ya kutoa doa la maziwa. Kochi langu, nililolitengeneza kwa mikono hii kabla hatujaoana! Nikamwambia, mbona hukuniuliza mimi? Akasema, “Nimekuuliza mara mbili, ulikuwa unatazama simu.”



— Sasa si uanze kuandika na wewe? nikamwambia. Unajua mengi kuliko yeye.

— Sitaki wasomaji. Nataka kuwa juu yake. Antena, unaweza au huwezi?

Antena akahema.

— Naweza. Lakini...

— Lakini yako iweke mfukoni.

Basi Antena akakaa na tovuti ya Msasa. Akaijaza “kochi bora, kochi imara, makochi bora ya kochi bora” kutoka juu mpaka chini, na mengine ambayo hakutaka kutueleza. Muda si muda, asubuhi moja akageuza simu tuone. Msasa alikuwa wa kwanza.

Mtu mzima yule aliruka! Akaagiza kahawa ya watu wote, hata wapita njia. Kisha akasimama ukingoni mwa barabara, akapaza sauti:

— Shemeji! Umetafuta leo?

Shemeji akatokeza mlangoni, uzi mdomoni, sindano mkononi.

— Nimeambiwa! Hongera sana, shemeji!

Akapunga mkono, akarudi ndani kushona.

— Umeona? akasema Redio. Roho inamuuma.

— Haimuumi hata kidogo, akasema Msasa, na uso wake ulikuwa umebadilika. Kanipa hongera ya kweli. Mjinga huyu, hata wivu hana!

Siku zikapita. Msasa alibaki wa kwanza, na karakana yake ikabaki kimya. Antena alituambia kwamba watu wanafungua, wanatazama kidogo, wanatoka. Ng’ambo, wateja walizidi kuingia.

— Anawaroga, akasema Redio.

— Pengine wanapotea njia, akasema Msasa.

Hapo ndipo mwanamke mmoja wa makamo aliposimama mbele yetu, simu mkononi.

— Hamjambo? Namtafuta fundi makochi aliye wa kwanza.

Msasa akainuka kwa kasi, kahawa ikammwagikia gotini, wala hakujali.

— Ndiye mimi, dada yangu. Karibu, karibu sana.

— Ahsante. Nimekuona kweli, juu kabisa. Nikafungua, nikakuta kochi bora, kochi bora, mpaka mwisho. Sikuambulia kitu. Mama yangu ana shida ya goti, akikaa pa chini hainuki mpaka avutwe. Nikasema nije nikuulize mwenyewe.

— Uliza tu, dada.

— Wewe ni wa kwanza kwa lipi?

Hakuuliza kwa kejeli. Alitaka kujua. Msasa akafungua kinywa, akamtazama Redio. Redio alikuwa anachunguza kucha zake. Antena aliinama kuliko kawaida yake. Mimi nikajitia natafuta uzi.

— Kwa... akasema Msasa.

Yule dada akangoja kwa adabu. Kisha akauliza kama yule aliyeandika habari za kupima milango yuko mbali. Mama Kahawa akanyoosha kidole ng’ambo. Dada akashukuru, akavuka.

— Katumwa yule, akanong’ona Redio. Shemeji yako ndiye...

— Nyamaza, Redio.

Msasa hakukaa tena. Alisimama akitazama duka la ng’ambo, ambako shemeji yake alikuwa ameacha kushona, amemvutia mgeni kiti, naye amechuchumaa mbele yake anasikiliza habari za mama. Alisikiliza muda mrefu. Sisi hata hatukuwa tumeuliza kama goti ni la kulia au la kushoto.