Hereni ya Malkia

Inatangazwa kwa heshima zote kwamba kuanzia Ijumaa, tarehe 14 Juni, birika la chai la ghorofa ya pili litakuwa yatima. Mlezi wake, Bi. Nezaket Tuncel, mlinzi wa chumba cha sarafu katika makumbusho yetu hapa Istanbul, anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja.

Aliajiriwa kulinda, akalinda kwelikweli. Watoto wa shule waliogusa vioo aliwapa kitambaa wafute wenyewe. Profesa mmoja alikataa kusaini daftari la wageni, akamuuliza kama anajua yeye ni nani. "Sijui, mwalimu," alimjibu. "Andika hapo ndiyo nijue." Mimi, Tahsin, mwandika orodha za sarafu, nilipigwa marufuku kuingia na mkate wa ufuta mwaka wangu wa kwanza. Marufuku hiyo haijaondolewa.

Ningependa kuendelea na utani, ila nina hasira.

Mnaijua ile sarafu ya dhahabu ya Kirumi iliyowahi kufanywa kidani. Kitanzi chake kilifunika ukingo wa juu, jina likapotea. Tukaiorodhesha: "Mfalme kijana, hajulikani." Ikakaa hivyo miaka kumi na miwili, mpaka asubuhi moja Dada Nezaket aliponiita.

"Tahsin, mdogo wangu, mfalme wako amevaa hereni."

Nikamwambia ni mkwaruzo.

"Mkwaruzo gani una lulu mbili? Na nywele zimesukwa kutoka kisogoni mpaka utosini! Mwite fundi atoe hicho kitanzi. Hata sonara wa sarafu za dhahabu za harusi ya bibi yangu alilehemu kitanzi juu ya maandishi."

Fundi akakitoa. Chini yake palikuwa na mkono unaoshuka kutoka mbinguni na taji, na kando yake herufi za jina: Eudoksia, malkia wa mji huuhuu enzi za Warumi. Alikuwa kwao miaka yote hiyo, na sisi tunamwita mwanamume.

Sasa kasomeni kibao chake: "Imetambuliwa na jopo la wataalamu." Jopo lipi? Lilikaa lini? Lilinywa chai ya nani? Miaka mitano wageni wanasoma uongo huo, na aliyeitambua amesimama hatua mbili kutoka hapo, akiwaelekeza chooni. Ni aibu, na aibu hiyo ina mwenyewe.

Ukweli ni huu. Jopo lilikuwa mimi. Mkurugenzi aliniuliza nani kaitambua, nikaona haya kusema mlinzi ameona kwa macho matupu nilichokikosa na kioo cha kukuzia. Nikajibu, "Sisi." Kibao nilikichapa mwenyewe. Dada alikisoma, akanitazama, akanimiminia chai.

Dada, tunakushukuru, nami nakuomba radhi mbele ya wote. Uwe na siha, na usingizi usiokatizwa na kengele ya mlango. Kibao kipya, chenye jina lako kamili, kiko kando ya birika. Ufunguo wa kabati la sarafu hiyo unao wewe mpaka Ijumaa jioni. Kiweke kwa mkono wako.