Filimbi ya Upande Gani

Filimbi ililia usiku wa manane, ndefu, ikakatika, ikalia tena, na mimi nikakaa kitandani nimemkumbatia mwanangu nikingoja kusikia watu wa machela wakikimbia uchochoroni kama siku zote, na sikusikia hata mguu mmoja. Kulipokucha tukaambiwa fundi viatu amefia mlangoni kwake, mkewe kaketi pembeni, filimbi bado mkononi. Basi nikambeba mtoto nikaenda kijiweni, nje ya duka la kinyozi, maana machela inakaa pale nyuma, na juu ya mlango wameandika kwa rangi: TUNABEBA MTU, HATUBEBI KURA. Wanajiita Kikundi; usiku ukipuliza filimbi ndefu, wanakuja kumbeba mgonjwa mpaka hospitali. Neno chama walilikataa tangu mwanzo, ili mgonjwa asije akauliza chama gani. Nilikuta watatu, wote wabebaji: Kinyozi, kiongozi wao; Spika, dereva mstaafu asiyejua kunyamaza; na Bomba, fundi wa mabomba. Chupa ya kahawa katikati. Nikawaamkia, wakasogea kwenye benchi, nikakaa pembeni na mwanangu, kifua chake kikikoroma.

— Mimi niliisikia, akasema Spika. Siwezi kuficha. Ila nikajiuliza, hii ni ya Kikundi au ya vijana wa kampeni? Siku hizi nao wanapuliza.

— Wale wanapuliza fupifupi, akasema Bomba, kama refa mwenye hasira. Hii ilikuwa ndefu.

— Sasa wewe uliyeijua, mbona hukutoka?

— Nilikuwa natafuta suruali.

— Mpaka alfajiri? Suruali au sindano?

Wakacheka kidogo, kisha kicheko kikawafia wenyewe mdomoni.

— Ile ilikuwa ya plastiki, akasema Bomba. Yetu ni ya chuma. Za plastiki waligawa upande wa pili kwenye mkutano wao.

— Filimbi nayo ina upande?

— Bwana we, siku hizi mpaka ndoo ina upande.

— Ilikuwa ya chuma, nikasema. Nimepita pale, nimeiona.

Hakuna aliyenitazama.

— Hata kama ya chuma, Spika akadakia. Nimeambiwa wanatega. Wanairekodi filimbi yetu kwenye simu, usiku wanaifungulia kwenye spika, sisi tukitoka mbio wanatupiga picha, picha inapelekwa juu, kesho tunaitwa wasaliti.

— Wasaliti wa nani?

— Itategemea nani kashinda.

Bomba akaweka kikombe chini kwa kishindo.

— Mnazunguka bure. Fundi viatu alivaa kofia yao. Sote tulimwona.

— Kofia alipewa barabarani, akasema Kinyozi. Jua linawaka, na kile kichwa nakinyoa mimi, hakina hata unywele wa kujikinga.

— Angeivua alipofika hapa.

— Aliivua!

— Aliitia mfukoni. Kutia mfukoni si kuvua.

— Huyo unayemsema ndiye aliyeshona turubai la machela yetu, kila lilipochanika.

— Basi angelala juu yake, akasema Bomba. Nadhani alitaka kuchekesha. Sauti ikamtoka mbaya.

Mtoto anakoroma, nikaona nisiposema sasa sitasema tena.

— Samahanini, baba zangu. Huyu ana pumu. Baba yake yuko safarini na lori. Akibanwa leo usiku, nikapuliza, mtakuja?

Spika akachungulia kikombe chake kana kwamba jibu limezama humo. Bomba akaitikisa chupa, akamimina, yakatoka machicha matupu. Akainuka, eti kuna bomba limepasuka mahali. Spika akamfuata bila kusema neno, yeye ambaye hata msibani huwa wa mwisho kufunga mdomo.

Nikaondoka. Kinyozi akanifikia kwenye kona, taulo begani, akasema kwa sauti ya chini:

— Mwanangu, usipulize ndefu. Kwa ndefu hatoki mtu tena. Puliza fupi, halafu ndefu, halafu fupi. Tulikubaliana juzi, watu wetu tu.

— Juzi? Fundi viatu aliambiwa?

Akalishusha taulo, akalikunja, akalikunjua.

— Kwa hiyo mlijua. Suruali, plastiki, simu, yote yale, na mlijua.

— Kina mama vijana hamwelewi. Tukimbeba wa kule, wa kwetu watajitoa. Lazima tuwalinde wa chama.

— Kikundi, baba.

Hakujisahihisha.

— Na jirani yangu? nikasema. Ana mimba kubwa, siku yoyote anajifungua. Mara ya mwisho huyu alipobanwa, yeye ndiye aliyekimbia na tumbo lake kuja kuwaita.

— Mumewe katundika bendera juu ya bati.

— Bendera haizai, baba. Anayezaa ni yeye.

— Najua. Unadhani sijui? Lakini akijua yeye, watajua wote, na wale wawili hawatatoka hata kwa huyu.

Akamgusa mwanangu mgongoni, taratibu, kwa mkono ule ule uliombeba mtoto wangu mpaka hospitali.

— Niahidi.

Mtoto akakohoa shingoni kwangu, kikohozi kikavu kile ninachokijua, kinachokuja kabla ya kubanwa. Nikaahidi. Nikasema simwambii mtu mwingine, baba, haki ya Mungu, hata jirani yangu simwambii.